Mzee Alinusa Bangili Yangu

Juzi nilimwona dada yangu Poni kwenye stendi ya boda pale Munuki, bangili ya haboba iko mkononi, na wivu wangu wa utotoni ukaamka.

Haboba, nyanya yetu, alitugawia bangili moja moja tulipokuwa wadogo. Yangu ilikuwa inang'aa. Ya Poni ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kupikia asida, ugali wetu. Tukabishana nani amepewa bangili ya fedha ya kweli, mpaka tukaenda Hai Cinema kwa mzee aliyekuwa ananunua mapambo ya zamani. Duka lake lilinukia ubani na vumbi.

Mzee aliisugua bangili ya Poni kwa kidole gumba, akanusa, akatabasamu. Akasugua yangu, akanusa, akakunja pua.

"Hii hapana, binti."

Niliona aibu sana, nikajua ni jasho langu. Kumbe wanaooga vizuri ndio wanaopewa fedha! Nilikimbia nyumbani, nikaoga kwa sabuni, nikajipaka mafuta ya Poni mpaka masikioni, nikarudi dukani, Poni nyuma yangu.

"Mzee, nusa tena!"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Wewe unanukia kama bibi harusi. Bangili ndiyo inanuka shaba. Fedha ya kweli haina harufu, na ikizeeka inakuwa nyeusi."

Poni alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani.

Sasa juzi pale stendi nikamshika mkono, nikasugua bangili, nikanusa. Hakuna harufu hata kidogo.

"Wewe, unanusa nini?" akauliza.

"Naangalia kama umeoga."