Wote Wako Safarini

Shangazi yangu, wanayemwita Mama Winchi, ndiye aliyekuwa akiwashusha wanaume shimoni mwa mgodi asubuhi na kuwapandisha jioni, mkono kwenye breki ya winchi, ile mashine ya kamba, macho kwenye alama za kamba. Siku hizo kwetu kulijaa watu, hata kupata nafasi kwenye benchi la kinyozi ilikuwa bahati. Kisha madini yakaisha. Kampuni ikafungasha virago, watu wakafuata, mitaa mizima ikabaki milango na kufuli.

Ndipo tulipoanza uongo wetu. Tulisikia kwamba shule yenye watoto wachache itafungwa, basi kila mgeni mwenye kalamu alipouliza tuko wangapi, tuliwahesabu na waliohama. "Yuko safarini," tulisema, hata kuhusu mtu aliyekwisha kuoa na kujenga mbali. Shule ilifungwa vilevile. Sisi tukaendelea kudanganya, maana tulishazoea, na kusema kweli tulikuwa tunaona haya.

Shangazi alibaki kwenye chumba cha kampuni. Ukuta ulikuwa umepasuka kiasi cha kupitisha mkono, na kila mvua ikinyesha alihamisha kitanda. Kiwanja alikuwa nacho. Alichokosa ni mkopo wa kujengea, kwa sababu kila benki ilimwambia nyumba ya huku haina mnunuzi. Mwaka huu ukaja mkopo wa nyumba za vijijini, wa riba ndogo, na binti wa benki akaja mwenyewe kuzungumza nasi kwenye ukumbi wa zamani wa wachimbaji.

"Mko wangapi hapa?" akauliza.

Mwenyekiti wetu, aliyekuwa mpiga king'ora wa mgodi na bado anaongea kana kwamba mashine zinanguruma, akatunisha kifua. Akatuzidisha idadi. Mtaa wenye bibi mmoja na mbuzi wake akaupa kaya tele.

Binti akaweka kalamu chini. "Samahani, wazee wangu. Mkopo huu ni wa maeneo yenye watu wachache. Kwa idadi hiyo, hamwezi kuupata."

Mwenyekiti akatazama viatu vyake. Nilimkasirikia mzee yule, nikajikasirikia na mimi, kwa sababu uongo ule ulikuwa wetu sote.

Shangazi akasimama, ameshikilia kiti cha mbele yake.

"Mwanangu, mwenyekiti amewahesabu na walioondoka. Hata kijana wangu amemhesabu. Mimi mwenyewe kila nikiulizwa nasema yuko safarini." Akamtazama binti usoni. "Hayuko safarini. Amehama. Hatarudi kuishi hapa."

Sote tulijua, lakini sikuwahi kumsikia akilitamka. Roho iliniuma.

"Na wangu wamehama," akasema mama wa duka kutoka nyuma.

"Ndugu zangu pia," akasema kinyozi.

Wa mwisho alikuwa mwenyekiti, kwa sauti ndogo ambayo hatukujua kuwa anayo: "Mke wangu naye hakwenda kumsalimia dada yake. Kaondoka."

Binti akaandika upya. Tulikuwa wachache kuliko nilivyodhani.

Mkopo ulipopitishwa, binti alirudi na fundi kupima kiwanja. Akamuuliza shangazi anataka vyumba vingapi.

"Viwili vya kulala."

"Mama, si unaishi peke yako? Kimoja kingekupunguzia deni."

"Nilisema hatarudi kuishi," shangazi akajibu. "Sikusema hatakuja kuniona."