Paka Wawili Chini ya Bati Langu

Miaka yote ya utumishi wangu nilikuwa bwana maendeleo, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwatukana watu kwa adabu. Nilizunguka na pikipiki ya serikali kuanzia Ruponda mpaka Kiegei, nikisimama mbele ya mikutano ya kijiji na kuwaambia wazee wenye mvi kwamba nyumba za nyasi ni aibu. Bati, ndugu zangu! Tofali, ndugu zangu! Wakanipigia makofi, wakarudi kulala kwenye nyasi zao. Mimi nikajenga yangu hapa Nachingwea mjini, ya tofali za saruji na bati jekundu, madirisha ya vioo, ili wapitao wajue nani anakaa pale.

Kwa hiyo mjue kwamba yaliyonipata niliyataka mwenyewe.

Mke wangu alifia katika nyumba hiyo, msimu wa joto, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Tulipomaliza arobaini, binti yetu wa pekee alikunja nguo zake, akapanda basi la Dar es Salaam, na hakukanyaga tena kwangu. Idd alipiga simu. Shikamoo Baba, marahaba mama, hujambo, sijambo, simu imekatwa. Miaka miwili hivyo. Watu wakiniuliza anakuja lini, nasema kazi zimembana. Nilikuwa nasema uongo huo vizuri mpaka nikaanza kuuamini.

Ndipo siku moja mwezi wa saba akapiga simu na wala haikuwa Idd. Kazini wamempeleka nje ya nchi kusoma kwa mwaka mmoja. Ana paka wawili, hana pa kuwaacha, wenzake wamepanga na wenye nyumba hawataki. "Baba, utaniwekea?"

Loo! Ningeombwa niweke chui wawili, ningesema ndiyo. Nilijua kabisa ninachopewa: nikiwatunza hawa, mtoto atakuja kuwachukua mwenyewe, ataingia kwangu, atakaa kwenye kiti changu. Wakifa mkononi mwangu, nimempoteza na yeye.

Paka wenyewe walifika na basi, kila mmoja kwenye kikapu chake chenye mlango. Mmoja mweupe, mmoja wa kijivu, manyoya marefu yamefunika mpaka miguu, nyuso zimebonyea kama waligonga ukuta wakiwa wadogo. Paka ninaowajua mimi hulala ghalani juu ya magunia ya ufuta na hula panya. Hawa walikuja na mfuko wa chakula, kitana, kipimajoto cha kutundika ukutani, na karatasi ya maagizo. Wasitoke nje kamwe. Chumba kisipungue nyuzi ishirini, kisizidi ishirini na sita. Na kila siku saa nane mchana nitume picha ya kipimajoto.

Jamani, mimi niliyewahi kukagua vijiji, leo nakaguliwa kwa ajili ya paka.

Mwezi wa saba kwetu ni kipupwe. Alfajiri nyumba yangu ya saruji ilikuwa inauma. Kipimajoto kikasoma kumi na sita, na yule mweupe akajikunja mpaka nikashindwa kujua kichwa kiko upande gani. Nikafikiri kama mtaalamu. Stoo nilikuwa na mifuko mitupu, mizito na mizuri, na huo ndio wakati sote tunapulizia mikorosho dawa, kwa hiyo hakuna nyumba isiyokuwa nayo. Nikaikung'uta, nikaijaza makapi ya ufuta, nikawatengenezea kitanda cha kifalme. Walilala wakakoroma. Asubuhi mweupe alikuwa wa manjano, wa kijivu alikuwa wa manjano, na wote wawili wanapiga chafya kama wazee msikitini. Mifuko ilikuwa ya salfa, ile dawa ya unga wa manjano ya mikorosho! Ni mwenye mikorosho tu anayeweza kufanya ujinga wa namna ile, maana sisi tumeizoea salfa mpaka hatuioni. Nilishinda nikiwaogesha kwa maji ya vuguvugu, nikiwaomba radhi kwa sauti, mkono wangu umechanwa mpaka kwenye kiwiko.

Aliyeshuhudia yote hayo kutoka kwenye ua wake ni jirani yangu, mama mmoja mjane anayeuza maandazi mbele ya nyumba. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu enzi za babu zetu. Asiyejua utani wa kwetu ajue hivi: mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako ukacheka, anaweza kuja kwenye msiba wako akaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe akaondoka nacho, na ukienda kushitaki, utachekwa wewe. Alikuwa rafiki wa damu wa mke wangu.

"Wewe mtani," aliita, "umeoa wawili kwa mpigo halafu unawapaka manjano? Kungwi wao nani?"

Nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Kipupwe kikapita. Ikaja miezi ya kumi na kumi na moja, mabibo yananukia mji mzima, na jua linashuka mpaka mtu anaona linamtafuta yeye. Hapo bati langu likaonyesha tabia yake. Saa nane mchana kipimajoto kilisoma thelathini na sita. Wale paka walilala kifudifudi sakafuni, ndimi nje, wanahema kwa mdomo. Nikanunua feni. Umeme ukakatika. Nikaloweka kanga nikazitundika madirishani. Chumba kikawa na joto lile lile, sasa lenye unyevu. Nikapanda ngazi kumwagia bati maji, majirani wakatoka kunitazama, mmoja akaniuliza kama nimepanda mpunga huko juu. Nikaita fundi akanipigia dari ya mbao nyembamba, nyumba nzima, siku mbili. Kikashuka mpaka thelathini na tatu.

Na picha je? Astaghfirullah. Nilikuwa natumbukiza kipimajoto kwenye kata, nakizamisha mtungini, kikifika ishirini na tano nakitoa mbio, nakibandika ukutani, napiga picha kabla hakijapanda. Binti anajibu: "Asante Baba, unajitahidi." Nilisoma neno hilo mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mzima. Nilikuwa nadanganya, na nilikuwa na furaha.

Wiki ya pili ya joto lile mweupe alikataa maji. Nilimlowesha midomo kwa kidole, akageuza uso. Niliogopa, sifichi. Nilikaa sakafuni na joho langu la Ijumaa nikimpepea kwa ungo.

Mtani wangu akaingia bila hodi. Alikuwa amejifunga kibwebwe, safari ya kwao upande wa Ruangwa, kuokota korosho, kama afanyavyo kila msimu. Akamtazama paka, akanitazama mimi, akatazama dari mpya. Hakucheka. Akawatia wote wawili kwenye vikapu vyao, kimoja mkono wa kulia, kingine wa kushoto.

"Nawachukua," akasema. "Kanishitaki."

"Ala! Hao ni wa mtoto!"

"Ndiyo maana."

Nikamkimbilia hadi barabarani. Watu kwenye kibanda chake cha maandazi wakaanza kushangilia, mtani kamnyang'anya mtani, na kwa mujibu wa desturi mimi ndiye niliyetakiwa kucheka. Gari lililokuwa likienda Ruangwa likasimama, akapanda. Nikasimama pale na ungo mkononi. Halafu nikafanya la maana: nikarudi kuchukua kipimajoto na mfuko wa chakula, nikapanda gari lililofuata.

Nyumba yake ya huko kwao ni ya udongo, kuta nene, paa la nyasi limeshuka mpaka unainama kuingia. Kila mwaka huipaka mwenyewe udongo mweupe na mwekundu kwa michoro ya vidole. Ni nyumba niliyoipigia makelele mikutanoni, na kwa mdomo wangu niliwahi kuiita kichuguu. Niliingia nimevimba, nikijiandaa kugomba. Ndani kulikuwa na ubaridi wa mtungi. Mweupe alikuwa tayari ameinamia bakuli, anakunywa. Nikatundika kipimajoto kwenye kijiti cha ukutani, nikakaa mbele yake nikikisubiri kama matokeo ya mtihani. Nyuzi ishirini na sita. Wala hakikubembelezwa.

Nikapiga picha. Ilikuwa ndiyo picha ya kwanza ya kweli tangu joto lianze, na kwa furaha nikaituma bila kutazama nyuma ya kipimajoto kuna nini. Kulikuwa na ukuta ambao binti yangu anaujua tangu utotoni. Udongo mwekundu, mistari myeupe ya vidole.

Siku hiyo hakujibu. Kesho yake hakujibu. Siku ya tatu ukaja ujumbe mmoja: "Wabaki hapo hapo." Basi. Miezi iliyobaki mtani wangu alikaa nao huko, nami nikapanda gari kila siku kwenda kupiga picha ya saa nane, mvua ikanyesha na ikakoma, paka wakanenepa chini ya nyasi, na binti yangu hakuandika tena neno asante.

Aliporudi nchini alikuja moja kwa moja Nachingwea. Nilimpokea stendi. Amekonda, na amefanana na mama yake mpaka nikakosa pa kuweka macho. Nilikuwa nimepika. Nilikuwa nimeweka kiti. Alisimama mlangoni kwangu na mkoba begani, akatazama juu, akaiona dari, feni, kanga zilizobaki kwenye vyuma vya dirisha. Hakukaa. "Nipeleke waliko," akasema.

Tukaenda na gari la abiria, tumekaa bega kwa bega. Mtani wangu alitupokea uani, akafungua mdomo atutanie, akamwona usoni, akaufunga. Tukainama, tukaingia. Paka walikuwa wamelala juu ya mkeka, mmoja kautupa mkono wake juu ya mwenzake. Binti yangu hakuwagusa. Aliweka kiganja ukutani, akakiacha pale.

Sasa niseme nililokuwa silisemi. Msimu ule wa joto, mke wangu akiwa kitandani chini ya bati langu, aliniomba nimlete katika nyumba hii. Hakuomba hospitali nyingine, wala dawa. Alisema kwa rafiki yake kuna hewa. Aliomba siku nyingi, kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi. Mimi niliona watu: bwana maendeleo kaenda kumlaza mkewe kwenye nyasi! Binti yetu alikuwa amekaa pale pembeni, anampepea, anasikia kila ninachojibu.

"Baba," akasema, bila kugeuka. "Kutoka nyumbani mpaka hapa tumetumia muda gani?"

"Saa moja, mama. Na kidogo."

"Ulimwambia ni mbali. Ulimwambia hataweza safari."

Mtani wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama, Mungu anisamehe, nikitumaini atatupa neno la utani, lolote, linitoe pale. Aliinamisha kichwa.

"Nilimdanganya," nikasema. "Niliona aibu ya watu."

Aliketi kwenye mkeka, karibu na paka, akalia kwa sauti kubwa, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Mimi nilibaki nimesimama, kichwa kinagusa nyasi, sijui kama nina ruhusa ya kukaa.