Sekunde Nne za Dani

Jumanne, katika duka la intaneti mjini Kisumu, niliketi karibu na msichana, mwanafunzi wa chuo cha Bondo anayesomea uchoraji wa katuni kwa kompyuta. Alikuwa akimwonyesha nyanya yake kazi ya darasa: utangulizi wa kipindi cha televisheni, kwa mtindo wa zamani. Ziwa lilitokea, korongo akaruka, kisha majina ya walioshiriki yakapita haraka. Wimbo wa utangulizi huo aliuimba nyanya mwenyewe.

"Jina langu liko wapi?" nyanya akauliza.

"Limepita, Dani," msichana akajibu, akimwita nyanya kwa Kijaluo.

"Limepita likienda wapi?"

Msichana akaeleza kwamba mwalimu anataka sekunde thelathini tu, na akizizidisha atakatwa alama. Nyanya akanigeukia. "Mzee, nisomee wewe."

Nikavaa miwani. Nilikumbuka mtaa wa Manyatta, nilipokuwa mwalimu kijana, na sebule ya jirani mwenye televisheni pekee mtaani. Wazee walinitaka niwasomee kwa sauti majina ya waigizaji wote, na hakuna aliyeongea mpaka nimalize. Hawakumjua hata mmoja, lakini waliona mtu aliyefanya kazi ni lazima atajwe.

Nikasoma majina yote matatu ya nyanya, polepole. Msichana akapima: sekunde nne. Akamfuta korongo aliyemchora kwa wiki mbili, ili jina lipate sekunde hizo.

Safari hii jina likatulia kwenye skrini, na nyanya akafuata herufi kwa kidole. "Sasa nimeonekana," akasema.

Korongo alikuwa mzuri, nakiri. Lakini wako wengi ufuoni, na hakuna hata mmoja wao aliyeimba.