Mtamba wa Alhamisi

Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani Katesh miaka mitatu, siku za mnada akibeba mizigo na siku nyingine zote amelala. Mimi ndiye niliyemlisha kutoka kwenye duka alilotuachia marehemu baba, na mdomo wangu hauna breki. Nilimwita kupe, tena mbele ya wateja.

Ndipo akaja mgeni mmoja, mpole, simu yake imejaa video za vijana wenye bunduki. Alimwambia ng'ambo ya mpaka wa kusini kuna mshahara, heshima na vita vya dini. Dini gani? Huyu tulikuwa tunamwamsha aswali alfajiri kwa kumwagia maji. Nilipogundua wanaondoka Alhamisi kwa basi, nilifoka mpaka sauti ikakauka.

"Dada," akasema taratibu, "yule mtu aliniuliza nataka kuwa nani. Wewe hujawahi kuniuliza."

Niliogopa kuliko siku tuliyomzika baba.

Jumatano nikaenda Mogitu kwa mzee mmoja mkulima, Mkristo, mteja wetu wa miaka mingi. Nilitaka aje amkemee. Alinisikiliza, akanipa chai, akanirudisha nyumbani bila ahadi yoyote. Nilimkasirikia njia nzima.

Alhamisi asubuhi akafika kwetu akiswaga mtamba mwenye mimba.

"Shikamoo, mzee," mdogo wangu akaamkia. Begi lake lilikuwa mlangoni.

"Marahaba, kijana wangu. Zizi langu limejaa. Nitunzie huyu. Maziwa yako, samadi yako, ndama wa kwanza wako. Ukitaka kusafiri, umrudishe mwenyewe, mbele ya mashahidi."

Huko kwao Mogitu ng'ombe hakabidhiwi mtu wa hivi hivi, na mdogo wangu alilijua hilo. Alishika kamba, akampapasa mtamba shingoni. Halafu akaniuliza panga liko wapi, akakate majani. Basi likaondoka bila yeye.

Nilimripoti yule mgeni kwa mwenyekiti wa kitongoji, mgeni akatoweka hapo mjini, ila simu zake hazikukoma. Nilikuwa nikizisikia zikiita.

Mvua zilipoanza, ng'ombe akazaa. Asubuhi moja mdogo wangu alikuwa anakamua, simu ikaita juu ya ukuta wa zizi. Namba ilikuwa ileile. Hakuinua hata kichwa.

"Pokea, dada. Mwambie niko kazini."