Komando Aliyeniomba Jembe

"Komando wangu amefariki." Ndivyo nilivyowatangazia watu nilipopigiwa simu kwamba ameanguka ghafla akiwa likizo kwao Mgeta. Wasomaji wa safu hii mnanijua, sijawahi kuwaficha: niliondoka Morogoro na begi moja, nikaosha vyombo ughaibuni, nikasoma mpaka nikapata diploma ya hoteli, nikarudi kujenga nyumba ya wageni ambayo leo mji mzima unaijua. Yeye alikuwa mlinzi wangu. Kabla ya hapo alikuwa komando wa jeshi, wa wale wanaotangulia kuingia kwa adui kabla wenzao hawajafika, na alipigana nje ya nchi katika vita ambavyo hakuwahi kutusimulia.

Alipotoka jeshini alikuja kwangu kuomba kazi ya bustani. "Bustani?" nilimshangaa. "Kaka, mtu kama wewe ashike jembe? Kaa getini, wezi wakisikia tu watahama mji." Akasema, "Bosi, kulinda nimelinda sana. Nipe hata maua nimwagilie." Nikacheka, nikamshonea sare. Tangu hapo kila mgeni aliyefika nilimwonyesha: "Mnamwona yule? Komando wangu!" Wengine walimfuata kumuuliza ameua wangapi. Aliwafungulia geti tu.

Basi nikapanda Mgeta kumzika. Tuliporudi kutoka makaburini, mama mmoja, mtani wa ukoo wao, akatokea uani amevaa ile sare ya ulinzi, fimbo begani. Kwetu mtani ana ruhusa ya kumwiga marehemu msibani, na hata walio hai hawasalimiki. Ukikasirika, aibu ni yako. Akampigia mbuzi saluti, watu wakavunjika mbavu. Halafu akatoa tumbo mbele, akatembea kwa maringo, akiongea puani: "Huyu ni komando wangu! Mimi nimesoma Ulaya, hata paka wangu ana diploma!" Akaruka upande wa pili, akanywea: "Bosi, naomba jembe." Akarudi kuwa yule wa tumbo: "Jembe? Sasa wageni niwaonyeshe nini?"

Hata mjane, ambaye hakuwa ameinua uso tangu asubuhi, alicheka. Kisha macho yote yakanigeukia. "Cheka basi, bwana hoteli," mtani akanisukuma bega. "Au umenuna?" Nikacheka huku uso ukiniwaka. Hakuyatunga yale. Maana yake kila likizo marehemu alikuja na maneno yangu huku mlimani, yakasimuliwa jikoni mpaka kijiji kizima kikayajua, nami kule mjini nikizidi kuringa.

Nilipomuaga mjane nilijaribu kusema jambo la heshima. "Mama, tumempoteza shujaa." Akanitazama kwa upole, akaelekeza mkono kwenye matuta ya kabichi nyuma ya nyumba. "Shemeji, huku alikuwa mkulima. Alisema hapo ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu anayemwita komando."

Nimeshuka mlima na hayo. Askari wetu wakirudi tunawapigia makofi, kisha tunawarudisha palepale walipotoka: getini, benki, kwenye maghala, popote penye kitu cha kulindwa. Hatuulizi wamechoka na nini. Tena huyu wangu hakungoja kuulizwa, alisema mwenyewe, kwa adabu. Aliniomba jembe, nikampa kirungu, na miaka yote hiyo nikajisifu kwamba nimemsaidia.