Fiacre na Samaki ya Ngambo

Mudogo wangu Fiacre alizaliwa Marabo, akasoma mpaka diplome. Nyumbani siye wote tulijua anafanya kazi ya Leta, ya serikali. Kazi gani, hatukujua. Siku moja akanikuta kwenye soko ya Bunia, ninapouzia makayabu, ile samaki ya chumvi. Akasema naye sasa atauza, atavuka ziwa kutoka Mahagi-Port. Nikacheka. Mutu anayeziba pua akipita kwenye meza yangu!

"Yaya, ni kazi tu," akaniambia mimi mukubwa wake.

Ndipo nikaelewa: samaki ni nguo tu, chini yake iko mambo ingine.

Ngambo alikaa miezi mingi, anachunguza magari ya askari, anatuma habari huku. Waliomufunua si askari, ni wamama wa soko. Muuza samaki wa kweli anakunja makayabu, anavunja kipande, anaonja chumvi, anamutukana mwenye mali kidogo, ndipo ananunua. Fiacre alikuwa analipa na kusema asante. Mama mumoja akaenda kwa polisi: "Ule bwana si mutu wa samaki."

Walimufunga kwa magendo, maana hakukubali kitu ingine. Kila mwaka ninavuka kumuona. Safari ya mwisho nilimukuta amekonda, macho yameingia ndani.

"Yaya, nimechoka. Nitawaambia mimi ni nani. Labda Leta yetu itanibadilisha na mufungwa wao."

"Weye nyamaza. Mbele ya kuja nilipita ku biro, ile ofisi yenu ya Leta. Shefu yako akanipa kiti, akanipa na soda, akasema hawana mutu wa jina hilo."

"Shefu Eugène mwenyewe?"

"Mwenyewe. Alikuwa anaangalia ukuta. Ukisema ukweli, hapa watakunyonga, na kule hawatakulilia."

Mulinzi akaja kumuchukua. Akasimama polepole, kama muzee.

"Basi muambie Nadège aolewe."

Nikajua hatasema kitu, na hatatoka karibuni.

"Ujumbe wa kijinga," nikamujibu. Lakini niliufikisha. Nadège, muke wake, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba. Alisikiliza yote bila kuacha kutwanga.

"Kama amenichoka, aje aniambie mwenyewe," akasema. "Na weye yaya, sogea, unanizibia mwangaza."