Nilimwambia Baba Kwanza

Wenzangu wa vita vya Kagera bado wanasimulia jinsi nilivyosimama wima barabarani, risasi zinapita, nikawapungia vijana wangu mkono wasonge. Luteni usu hata ndevu hana, simba wa vita! Uongo mtupu. Nilisimama kwa sababu miguu ilikufa ganzi. Mkono niliuinua kuomba msaada. Koplo wangu, Mluguru wa Mgeta, akainuka kunivuta chini. Mimi nikaanguka mzima, yeye akaanguka maiti. Platuni ikadhani nimetoa amri, ikanyanyuka, tukaiteka ile barabara.

Vita vilipokwisha nilifika Morogoro, nikapanda milimani na saa ya mkononi ya yule koplo. Sikuwa na huzuni. Sikuwa na chochote, ila maneno machache niliyoyakariri miezi yote ile, nikiogopa yatanitoka kabla sijayasema.

Nilimkuta baba yake akipalilia kabichi kwenye matuta. Hata shikamoo niliitoa mbiombio.

"Mzee, mwanao amekufa kwa sababu yangu. Niliogopa."

Aliegemea jembe.

"Wewe si wa huku," akasema. "Mimi nimezaa tu, mwanangu. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Maneno haya ulipaswa kumpelekea mjomba wake kwanza. Twende."

Mimi ni mtu wa kaskazini. Kwetu mtoto ni wa baba, na hakuna aliyenieleza kwamba Uluguru ni vingine. Tulipanda mlima. Njiani niliyatafuta yale maneno yangu, sikuyapata. Ujasiri niliokuwa nao ulitosha mara moja tu, na nilikwisha kuutumia kwenye kabichi.

Walioona sare yangu walitutangulia, tukamkuta mjomba ameketi na ukoo mzima.

"Afande, kijana wetu amekufaje?"

"Kishujaa," nikasema. "Alikuwa akisonga mbele."

Wanawake wakaanza kulia. Mimi sikusikia kitu moyoni, si aibu wala nafuu. Mjomba akamgeukia baba, aliyekaa nyuma karibu na mlango.

"Shemeji, nawe amekuambia hivyo hivyo?"

Baba aliitazama ile saa mkononi mwangu.

"Hivyo hivyo," akasema.

Nikamkabidhi mjomba saa. Baba hakupewa kitu. Alinisindikiza mpaka barabarani, na begi langu akalibeba yeye.